Unga wa muhogo: mama anayemenya alipwe jioni

Wanaokuja kuniuliza namna ya kuanzisha kikundi cha kutengeneza unga wa muhogo huanza na mashine. Mimi nawauliza: mjane mwenye watoto, asiye na akiba, mtamlipa lini? Akiambiwa asubiri gawio la mwisho wa mwaka, hamtamwona tena. Atarudi kwenye vibarua vya kulima.

Kwetu Mkuranga kumenya ni kwa ndoo, na ndoo hulipwa jioni, taslimu, hata kama unga haujauzwa. Faida ya unga ndiyo inayosubiri mgao. Kwa hiyo mkipata mkopo wa halmashauri (ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni ya wanawake, haina riba), msiumalize kwenye mashine. Tengeni ya kununulia muhogo na ya kulipa wamenyaji. Mama mwenye kichanga mpeni kazi ya kugeuza unga vichanjani au kufunga mifuko.

Sisi tunatumia Kiroba, muhogo mtamu. Ukishang'olewa, siku mbili tatu tu unaanza michirizi ndani, basi msing'oe kabla hamjajua nani anamenya. Umenywe, uoshwe mara mbili na ukwanguliwe siku hiyohiyo. Tieni kwenye salfeti safi, kandamizeni kwa mawe au jeki mpaka maji yakatike, kisha chekecheni na kuutandaza mwembamba juu ya turubai, kwenye kichanja. Chini hapana: vumbi, kuku, watoto. Chukua gao moja uliminye. Likishikana, rudisha juani. Ukisagwa na unyevu, utavunda dukani na mteja harudi.

Muhogo mchungu msiuchanganye humo. Una sumu inayotaka muda na utaratibu wake, na njia za mkato zina gharama: Tarime, mwaka 1985, watu walipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, kwa kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo vikundi vinapofia. Kilo 4 mbichi hutoa kama kilo 1 ya unga. Tuseme mmenunua muhogo kwa shilingi 300 kilo: unga tayari una 1,200 ndani yake, bado kumenya, kusaga, mfuko na nauli. Mkiuza 1,300 kwa kuwa jirani anauza hivyo, mmetoa sadaka.

Mtafuteni mnunuzi kabla ya kung'oa. Mama lishe na wakaanga maandazi wanaochanganya na ngano hawadai nembo ya ubora. Wenye maduka makubwa watadai ya TBS, shirika la viwango, na safari hiyo ianzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkachukue barua ya utambulisho.

Maganda nayo ni hela. Yakaushwe kabisa ndipo yauzwe kwa wafuga mbuzi, kwani mabichi yanaweza kudhuru mbuzi. Fedha yake sisi tunamwachia anayefagia.