Mvua ya Mbeya isiishie mtaroni: namna ya kuivuna kwa ajili ya bustani ya nyumbani

Huku kwetu Mbeya mvua haitubanii. Inaanza Novemba, inapiga mpaka Aprili, saa ingine inaingia hadi Mei, alafu inakata kabisa na mpaka Oktoba ni vumbi na upepo tu. Kinachoniuma ni kwamba Januari maji yanashuka kwenye bati kama bomba limepasuka, yanaenda mtaroni, alafu Agosti mtu huyohuyo mwenye bati anaacha mchicha ukauke kwa sababu maji ya bomba yana mgao au bili imekuwa kubwa. Mi bustani yangu ipo kwenye mteremko na nimekosea vya kutosha kabla sijapata utaratibu, sa naandika hapa ili we usipitie huko.

Kwanza piga hesabu, ni rahisi mno. Milimita 1 ya mvua ikidondokea mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima nyumba yako chini, urefu mara upana pamoja na sehemu bati linapotokeza nje ya ukuta, usihangaike kupanda juu. Tuseme umepata mita 6 kwa 10, hiyo ni 60 za mraba. Mbeya mjini tunapata kama milimita 900 kwa mwaka, toa yanayoruka na kukauka, bakiza asilimia 80, unapata zaidi ya lita 43,000. Kwa nyumba ya kawaida tu! Wa Iringa mjini mtapata pungufu ya hapo, wa Tukuyu mnapita milimita 2,000 kwa hiyo nyie shida yenu sio kupata maji, ni kuyazuia yasibebe udongo.

Sasa angalia upande wa pili. Tenki la lita 5,000 kwa bati hilo linajaa mvua ikifikisha kama milimita 105, yaani masika hata hayajachanganya tayari limefurika. Yanayobaki yote, lita elfu thelathini na kitu, yanaenda wapi? Hapo ndipo wengi tunakosea, tunafikiri kuvuna maji ni kununua tenki basi. Tenki ni akiba ya kiangazi. Ghala kubwa kuliko yote unalo tayari, ni udongo wa bustani yako, ila lazima uufundishe kunywa.

Nianze na bati na tenki maana ndo watu huuliza sana. Gata zifungwe kwenye fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) iliyo nzima, ziwe na mteremko mdogo wa sentimita 1 kila mita 2 kuelekea kwenye bomba la kushusha, na vishikizo visipishane zaidi ya mita moja la sivyo gata ikijaa majani mabichi na maji inapinda. Mvua ya kwanza ya Novemba usiipokee. Bati limekaa miezi mitano linakusanya vumbi, kinyesi cha ndege, moshi wa watu wanaochoma majani, ukikinga kwenye kopo utaona maji yana rangi ya chai ya rangi kabisa. Njia ya kuyaondoa: kabla bomba halijaingia tenkini weka njia panda, shusha kipande cha bomba la inchi 4 kilichozibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Maji machafu yanajaa humo kwanza, kikishajaa ndo yanayofuata yanaenda tenkini. Mita moja ya bomba hilo inabeba kama lita 8, na kwa bati la mita 60 za mraba unatakiwa umwage angalau lita 30, kwa hiyo weka la mita 4 au mawili ya mita 2, na kila mvua ikipita ukafungue uyamwage. Wengine hatuna nafasi hiyo, basi chomoa bomba kwa mkono, acha mvua ioshe bati, alafu rudisha.

Mdomo wa tenki weka wavu wa dirishani ule wa matundu madogo, na mdomo wa bomba la kufurikia, lile linalotoa maji tenki likijaa, pia, mbu hawahitaji mlango mkubwa. Chagua tenki jeusi au lenye rangi nzito, jeupe linapitisha mwanga na utandu wa kijani unaota ndani. Kama hela haijakaa vizuri anza na pipa la bluu la lita 200, ila uliza lilibeba nini kabla, lililobeba dawa za mashambani liache hata kama wanakuuzia kwa bei ya kutupa. Na maji haya ni ya bustani na kufulia, ya kunywa chemsha.

Kitako cha tenki msikidharau jamani. Lita 5,000 ni tani 5. Mimi fundi alinijengea tofali za kuchoma juu ya kifusi, akaniambia we tulia hapo pamekaa, na mwezi wa pili masika yakiwa yamekolea upande mmoja ukazama, tenki likaegemea ukuta, bomba likachomoka na maji yote usiku yakaingia chini ya msingi wa jiko. Asubuhi nimesimama pale na gambuti nilitamani kulia. Chimba mpaka ukutane na udongo mgumu, panga mawe, shindilia, mwaga zege, alafu inua kiasi ndoo iingie chini ya koki. Koki iwe sentimita 10 hivi juu ya sakafu ya tenki ili tope libaki chini.

Haya, tuje kwenye udongo. Bomba la kufurikia usiliache linamwaga palepale. Mimi nililiacha, maji yakachimba mfereji yakaenda kwa bibi jirani wa chini, akaja mwenyewe na fimbo yake. Nikamwambia shikamoo bibi, akaitika marahaba mwanangu, alafu akasema taratibu, "maji yako yamelaza mahindi yangu mistari minne." Aibu niliyoipata ndo ilinifanya nichimbe makinga maji, yaani mifereji inayokata mteremko kwa usawa ili maji yasimame yazame udongoni.

Unahitaji kujua mstari ulio sawa kwenye mteremko, na huhitaji kifaa cha dukani. Chukua fito mbili za mita 2, zifunge juu zifanye kama herufi A, funga fito ya tatu katikati kwa kulala, alafu toka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha, weka alama kamba inapogusa fito ya kulala. Geuza, mguu wa kulia ukanyage palepale ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndo penye usawa, chora vizuri na kisu. Sasa tembea na A yako kukata mteremko, tafuta sehemu kamba inatulia kwenye alama ya kati, chomeka kijiti, zungusha mguu mmoja, tafuta tena, kijiti. Upepo ukivuma subiri, kamba ikicheza itakudanganya. Ukimaliza utaona vijiti havijanyooka kabisa, vimejipinda kama nyoka, usivinyooshe, ndivyo ardhi yako ilivyo.

Chimba kufuata vijiti, upana na kina sentimita 40, udongo urushe upande wa chini uwe tuta. Kila baada ya mita 3 acha kizibo kifupi cha udongo ndani ya mfereji, ili ukikosea usawa kidogo maji yasikimbilie kona moja yakabomoa. Juu ya tuta panda mabingobingo au mchaichai, mizizi ishike. Elekeza bomba la kufurikia kwenye mfereji wa juu, na weka mawe pale yanapodondokea. Mfereji na shimo lolote la maji visogeze mbali na msingi wa nyumba, mita 3 au zaidi, na kama unachimba shimo kubwa la kuhifadhi maji lililotandikwa nailoni lizungushie uzio imara, hata maji machache yanamzamisha mtoto.

Wamatengo kule Mbinga wamefanya hii akili kwa ngoro zao, wanalaza nyasi kwa mistari inayokatizana, wanachimba katikati na kufunika nyasi kwa udongo, mlima mzima unakuwa na vishimo vinavyoshika maji na nyasi zinaoza humo kuwa mbolea. Nyumbani unaweza kuiga kwa shimo moja la taka za jikoni, zungushia migomba mitatu minne, maji ya bafuni au ya kufurika yaishie hapo.

Alafu matandazo. Majani makavu, mabua, pumba za mpunga kama una mtu wa kukuletea toka Mbarali, unene wa viganja viwili lakini yasiguse shina. Wiki mbili baada ya mvua ya mwisho fukua kidogo kwenye tuta lenye matandazo na lisilo nayo, uone mwenyewe unyevu ulipo.

Kiangazi mboga za majani zinataka kama lita 4 au 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 10 ni ndoo mbili na nusu za lita 20, kwa hiyo tenki lako la 5,000 ukianza nalo Juni mosi linakufikisha Septemba mwanzoni, na kwenye matandazo mazito unapunguza hadi ndoo moja na nusu unavuka Oktoba. Ndo maana nasema limia tuta moja unaloliweza, sio matano. Mwagia shinani, hasa nyanya, majani yakilowa na baridi hii ukungu haukawii, na Juni na Julai mwagia asubuhi jua likishatoka, sio jioni.

Oktoba mwishoni tenki likiwa limebaki tope, lilaze au ingiza mtu mwembamba mwenye brashi huku mwingine amesimama mdomoni anamwangalia, sugua, suuza, rudisha wavu. Siku hiyohiyo zoa udongo uliojaa kwenye makinga maji uurudishe juu ya tuta.