Namna ya Kufanya na Kuandika Utafiti Mdogo wa Darasani: Mwongozo kwa Wanachuo wa Ualimu

Mwanachuo wa ualimu anapotakiwa kuandika utafiti, mara nyingi huchagua mada iliyo pana kuliko uwezo, muda na nauli yake. Mada kama “Sababu za kushuka kwa ufaulu wa Hisabati katika shule za msingi nchini Tanzania” inapendeza masikioni, lakini haijibiki na mtu mmoja aliyepangiwa shule moja kwa majuma machache ya mazoezi ya kufundisha. Matokeo yake ni hojaji inayogawiwa kwa walimu, nao hujaza yale ambayo kila mtu anayajua tayari: uhaba wa vitabu, msongamano wa wanafunzi, wazazi kutofuatilia maendeleo ya watoto. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, nayo ni kulichukua tatizo la utafiti kutoka katika madaftari ya wanafunzi unaowafundisha wewe mwenyewe.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Katika darasa la tatu, mwanafunzi anapewa 52 − 27 na kuandika 35. Huyu hakukisia, alitoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa kwa kila safu, yaani 7 kutoa 2 akapata 5, na 5 kutoa 2 akapata 3. Kosa hili tuliite kugeuza tarakimu. Mwenzake, kwenye 40 − 16, anaandika 30, kwa kuwa anaona 0 haiwezi kutolewa 6 na hivyo anaacha 0 mahali pake. Wote wawili watapewa alama ya kosa, lakini hawakukosea kwa namna moja, na mwalimu anayewarudishia maelezo yaleyale huenda asimsaidie hata mmoja wao. Hapo ndipo swali la utafiti linapozaliwa: je, kutumia mafungu ya vijiti kumikumi kunapunguza kosa la kugeuza tarakimu katika kutoa kwa kuchukua? Swali hili lina darasa, lina mada, lina kosa linaloonekana na lina mbinu inayojaribiwa. Utafiti wa aina hii huitwa utafiti-tendo, mkabala ambao mwanasaikolojia Kurt Lewin aliuandikia mwaka 1946, na hatua zake ni kupanga, kutenda, kuchunguza na kutafakari, kisha kuanza tena pale matokeo yanapodai hivyo.

Kabla ya kwenda shuleni, soma. Anza na muhtasari wa somo na kiongozi cha mwalimu kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania, ili ujue mada hiyo inatarajiwa kufundishwaje, halafu utafute taarifa za uchambuzi wa majibu ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa baada ya mitihani na upimaji wa kitaifa. Taarifa hizi hazisomwi na wanachuo kadiri zinavyostahili, ilhali zinaonyesha sampuli za majibu sahihi na yasiyo sahihi ya watahiniwa pamoja na maelezo ya mahali walipokwama. Kwa kila chanzo unachosoma, andika papo hapo jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha kazi, mchapishaji na ukurasa, kwa sababu kuvitafuta vitu hivyo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ripoti ni adhabu. Andika pia mwandishi anadai nini na amejuaje. Utakapofika kwenye mapitio ya machapisho, panga hoja badala ya kupanga waandishi: wanaokubaliana wakae pamoja, wanaopingana wakabiliane, na mwishoni ionekane wazi swali lako linaingia wapi.

Suala la ruhusa lisichukuliwe kijuujuu. Barua ya utambulisho ya chuo ndiyo mwanzo, lakini mwalimu mkuu na mwalimu wa somo wanapaswa kuelezwa kwa mdomo na kwa heshima utafanya nini, ili mwenye darasa asidhani kwamba umekuja kumkagua. Majina ya watoto yasionekane popote katika ripoti. Tumia namba kama M01 na M02, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki kwako peke yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha za watoto zilizopigwa kwa simu na kurushwa kwenye makundi ya wanachuo si jambo dogo. Aidha, usilinyime nusu ya darasa mbinu unayoamini kuwa ni bora kwa ajili tu ya kupata kundi la kulinganisha. Lipime darasa zima kabla na baada.

Katika kukusanya data, shule tayari inazo nyingi. Daftari la mahudhurio litakueleza nani hakuwepo siku mada ilipofundishwa. Sehemu ya tathmini katika andalio la somo, ambayo wengi hujaza “somo limeeleweka” bila kufikiri, inaweza kuwa shajara yako ya utafiti ukiijaza kwa ukweli siku hiyohiyo. Jaribio la kwanza liwe fupi, na maswali yake yachaguliwe ili kosa lijitokeze: mawili yasiyohitaji kuchukua, manne yanayohitaji, mawili yenye sifuri. Jaribio la mwisho liwe na muundo uleule lakini namba tofauti, vinginevyo utakuwa umepima kumbukumbu.

Usaili wa watoto unahitaji uangalifu wa pekee. Ukisimama mbele ya darasa na kuuliza “Mmeelewa?”, utajibiwa “Ndiyo, mwalimu” kwa sauti moja, na jibu hilo si data. Keti kando ya mtoto mmoja, mpe swali alilokosa, umwambie, “Nionyeshe ulivyofanya.” Kisha nyamaza. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyasafisha.

Uchambuzi uanze na makosa, si na asilimia. Panga karatasi katika mafungu kulingana na aina ya kosa, kisha hesabu. Tuseme kati ya wanafunzi 60, 24 walikosa 52 − 27, na 17 kati ya hao waliandika 35. Sentensi isemayo “asilimia 40 walikosa” ni sahihi lakini haimsaidii mwalimu. Isemayo kwamba 17 kati ya 24 waligeuza tarakimu inamwonyesha pa kuanzia. Ikiwa jaribio la mwisho litaonyesha nafuu, usiandike kwamba vijiti “vimethibitika” kuondoa tatizo, kwani huenda mazoezi ya ziada, au mwalimu mpya mwenye ari, yalichangia. Andika kwamba kosa lilipungua baada ya mbinu kutumika, na utaje sababu nyingine zinazowezekana.

Kuhusu mpangilio wa sura, fuata mwongozo wa chuo chako. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni lugha. Pendekezo la utafiti huandikwa kwa wakati ujao, nayo ripoti kwa wakati uliopita, na wengi husahau kubadilisha, hivyo msomaji anakuta data “itakusanywa” katika kazi iliyokwisha. Ukichagua istilahi “hojaji”, usigeukie “dodoso” ukurasa unaofuata. Maneno ya mwandishi mwingine yakichukuliwa kama yalivyo yawekewe alama za mtajo na ukurasa. Yakielezwa kwa lugha yako, chanzo hutajwa vilevile, kwani kubadilisha maneno mawili matatu katika aya ya mtu hakuifanyi kuwa yako. Kila chanzo kilichodondolewa ndani kionekane katika marejeleo, na kisichodondolewa kisionekane.

Mpelekee msimamizi sura moja moja, wala usimrundikie kazi nzima mwishoni. Ikisiri, yaani ufupisho wa ripoti nzima, ijapokuwa hukaa mwanzoni, iandikwe baada ya vyote, ikitaja tatizo, darasa lililohusika, mbinu, matokeo makuu na pendekezo moja ambalo mwalimu wa darasa hilo anaweza kulitekeleza muhula unaofuata.