Mrudishie Habari Aliyekusaidia: Namna ya Kujenga Mtandao wa Kazi ya Ustawi wa Jamii Uganda

Saa nne usiku, siku ya Ijumaa, simu yangu iliita. Ni mama mmoja wa kanisani, upande wa Rubondo, kule Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro.

"Dada, niko na mtoto hapa. Ana miaka kama kumi na minne. Amekimbia nyumba aliyokuwa akikaa na hataki kurudi. Nifanye nini?"

Mimi nilikuwa nyumbani Mbarara, zaidi ya saa moja kwa gari. Ofisi imefungwa, gari limeegeshwa hadi Jumatatu, na fomu ya rufaa, ile ya kumpeleka mtu kwenye huduma nyingine, yenye kurasa nne, isingemsaidia mtu usiku ule. Nikapiga simu tatu: kwa mkunga wa zamu kwenye kituo cha afya, kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwa ofisa maendeleo ya jamii wa gombolola, ngazi ya serikali iliyo chini ya wilaya. Wote watatu walipokea. Kabla ya saa sita yule binti alikuwa ameonwa na mkunga, amekula, amelala kwa familia ya malezi ambayo ofisa alikuwa ameshaikagua. Jumatatu asubuhi jalada lake lilikuwa mezani kwa ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya.

Wenzangu wapya huniuliza niliwapataje watu wa kupokea simu saa hizo. Kila mmoja wa hao watatu alikuwa amewahi kunisaidia, nami nilimrudia kumweleza kilichotokea baadaye. Mkunga yule, miezi kadhaa kabla, alinitumia msichana mjamzito aliyefukuzwa nyumbani. Binti alipojifungua nilimpigia: "Sista, yule uliyenitumia amejifungua salama, sasa anakaa kwa shangazi yake." Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba ametuma watu kwenye mashirika miaka mingi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumrudishia habari.

Kwa hiyo haya ninayoandika yote yanazunguka neno moja: mrejesho.

Daftari

Nunua daftari gumu, lile la kurasa mia mbili, liwe lako na si la ofisi. Andika jina la mtu, kazi yake, mahali alipo, lugha anazozungumza, na saa anazopokea simu. Kisha chora safu ya mwisho: tarehe niliyomrudishia habari. Safu hiyo ikibaki tupu miezi mitatu mbele ya jina fulani, jua mtu huyo unaanza kumpoteza.

Habari za wateja haziingii humo hata kidogo. Hazina nafasi pia kwenye kundi la WhatsApp, hata kundi liwe la wafanyakazi wa jamii watupu. Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha tangu 2019, lakini hata kabla ya sheria, mtoto aliyekueleza siri yake hakukupa ruhusa ya kuisambaza. Kundini uliza hivi: "Nani ana nafasi ya malezi ya muda wiki hii, upande wa Isingiro?" Mwenye nafasi atakupigia, na mengine mtaongea wawili.

Kwa nini daftari liwe lako? Mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, miradi mingi ilifungwa nchini humu, mingine ndani ya wiki chache. Rafiki zangu walirudisha kompyuta na simu za kazi, na majina ya watu wote waliowajua yakaenda nazo. Watoto waliokuwa wakiwahudumia walibaki palepale walipokuwa. Waliokuwa na majina kwenye karatasi waliweza angalau kuwapigia watu wa vijijini na kuwaambia nani sasa anashika kazi ipi.

Nani aandikwe

Anzia chini, kwa sababu usiku watu wa juu hawapatikani. Mwenyekiti wa LC1 na katibu wa mambo ya watoto wa kijiji hicho. Sheria ya Watoto inamtaka anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa apeleke habari kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo hawa unawapelekea jambo lililo kazi yao. Wajitolea wa jamii waliopata mafunzo mafupi ya ustawi, ambao mara nyingi wanaijua nyumba kabla hujaambiwa jina la kijiji. Kisha ofisa maendeleo ya jamii wa gombolola, ofisa wa probesheni wilayani, na kitengo cha polisi cha kulinda familia na watoto. Kwenye makazi ya wakimbizi ongeza ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia makazi, pamoja na mashirika yanayoshughulikia ulinzi wa watoto na ukatili wa kijinsia. Namba 116, Sauti, simu ya kusaidia watoto, iandike ndani ya jalada la daftari, kwa wino mwekundu. Ni ya bure, na nimeona watu wakiitumia pale mlango wa karibu ulipokuwa ndio mlango wenye tatizo.

Halafu kuna wale ambao hakuna mchoro wa rufaa unaowataja: mchungaji, imamu, mwenye duka linalofungwa saa tano usiku, dereva wa boda unayemwamini, na mkalimani. Hapa kwa mkalimani naomba tukae kidogo.

Sisi tunaosema Kiswahili Uganda tunajidanganya kwamba lugha hii inatufikisha kila mahali. Nakivale ilianza mwaka 1958, na leo ukipita sokoni utasikia Kiswahili cha Kivu, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali na Kinyankole ndani ya dakika kumi. Mtoto atakujibu kwa Kiswahili kwa sababu ndicho unachomwuliza nacho. Lakini nimemwona binti mmoja aliyejibu "ndiyo, mama" kwa kila swali langu, hadi alipokuja mama anayesema Kibembe. Akamgeukia, akaanza kusema, na hakunyamaza kwa nusu saa. Na ukitoka makazini, mbele ya wazee wengi wa Uganda, Kiswahili kinakumbusha jeshi na polisi wa miaka ya mateso. Ukiingia uani mwa mzee wa Buganda ukianza na Kiswahili chako kizuri, unaweza kuona uso wake ukijifunga. Jifunze salamu za pale, zote, hadi mwisho wake. Kisha mwulize yeye mtumie lugha gani.

Siku ya kwanza usiende kuomba

Nenda kwa ofisa wa gombolola kabla hujawa na kesi yoyote. Asubuhi, kabla hajatoka kwenda vijijini. Beba karatasi moja yenye mambo matatu: mnafanya nini, katika maeneo gani, na nini hamwezi. Hilo la tatu ndilo watu huliacha, nalo ndilo lililonipatia heshima zaidi. Ofisa akijua kwamba sisi hatulipi karo, hatamtuma mama mwenye watoto watano atembee kilomita kumi aje kusikia "pole".

Mrejesho wenyewe ni sentensi tatu. Nimempata. Amehudumiwa, au bado, na ni kwa sababu hii. Nitakutafuta tena siku fulani. Usitaje ugonjwa wala alichosema mtoto faraghani. Aliyemtuma anahitaji kujua kwamba mkono wake ulifika, basi.

Na habari mbaya nazo zirudishwe. Kuna mwalimu aliyenikabidhi mvulana wa darasa la sita, naye nikampeleka kwenye shirika lililokuwa likisaidia vifaa vya shule. Fedha zao zilikuwa zimekwisha. Niliona aibu, nikanyamaza. Mwalimu alikuja kumwona mvulana yule kisimani siku ya shule, anabeba madumu ya maji kwa malipo, akaamini nilimtupa. Kwa mwaka mzima hakunitumia mtoto hata mmoja, na naamini wapo waliohitaji. Nilipokwenda kumwomba radhi alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, chaki mkononi. Hakunikaribisha kukaa. Lakini mwezi uliofuata alinipigia.

Duara la watu wanne

Kazi hii inachosha mahali ambapo usingizi haufiki. Ofisi nyingi zina msimamizi anayeuliza ripoti, na chache zina anayekuuliza wewe ukoje. Usisubiri. Tafuta wenzako watatu kutoka mashirika tofauti, ikiwezekana mmoja awe wa serikali, mkutane mara moja kwa mwezi.

Sisi hukutana Jumamosi kwenye hoteli ndogo ya chai. Simu zimelazwa kifudifudi katikati ya meza, karibu na sahani ya mandazi. Mmoja anapewa dakika ishirini kueleza kesi inayomlemea, bila jina, bila kijiji. Wengine kwa dakika kumi za kwanza wanaruhusiwa kuuliza tu, ushauri ni marufuku. Sharti hilo tuliliweka baada ya mwenzetu mmoja kuacha kuja. Alituambia baadaye kwamba kila akieleza uchungu, tunampa kazi ya kufanya nyumbani. Siku aliporudi, mtu alimwuliza: "Ukilala unaona nini?" Alilia, chai ikapoa. Tulikaa naye. Jumatatu alienda kazini.

Kama mtu amefika mahali pa kutolala wiki nzima, duara halitoshi. Msindikizeni hospitali, hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili. Msindikizeni, nasema, msimwelekeze.

Chama

Uganda tuna Chama cha Kitaifa cha Wafanyakazi wa Jamii, NASWU, ambacho ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa, IFSW. Jiunge, lipa ada, dai risiti, na nenda kwenye mkutano mkuu. Nawaambia hasa vijana waliomaliza SWASA, shahada ya kazi ya jamii, Makerere, au chuo cha Nsamizi au kwingineko, wanaodhani chama ni cha wakubwa. Madaktari na wauguzi wana mabaraza yao yaliyowekwa kwa sheria. Sisi tumekuwa tukilidai letu, na hatutasikika tukiwa wachache ukumbini.

Soma pia Tamko la Kanuni za Maadili ya Kazi ya Jamii, lililopitishwa mwaka 2018. Ni fupi. Nimelitumia mara mbili kumkatalia mkubwa aliyetaka picha ya mtoto kwa ajili ya wafadhili. Nilimwonyesha mstari, nikatumia maneno ya taaluma badala ya hasira yangu. Upo pia muungano wa kimataifa wa wahudumu wa ustawi wa jamii, Global Social Service Workforce Alliance, wenye semina za mtandaoni zisizo na malipo. Ukiwa na bando, ingia. Wapo Waafrika wengi humo wanaopambana na yale yale.

Kudai, na wakati wa kudai

Sote hujitokeza Jumanne ya tatu ya Machi, Siku ya Kazi ya Jamii Duniani, na tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Fulana, bendi, hotuba. Sizidharau siku hizo, zinatukutanisha. Lakini mwaka wa fedha wa Uganda unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti husomwa Juni. Unapopanda jukwaani tarehe 16 kuomba fedha za ulinzi wa watoto, hesabu zimeshafungwa. Wilaya hufanya mikutano ya bajeti karibu na Oktoba na Novemba, na magombolola huanza yao mapema. Huko ndiko kwa kwenda. Nenda gombololani Septemba, uliza tarehe, omba dakika tano.

Dakika tano usizimalize kwa kueleza umaskini. Madiwani wanaujua, wanaishi nao. Peleka jambo moja lililohesabiwa. Mwaka mmoja duara letu lilihesabu kutoka kwenye kumbukumbu zetu, bila majina: ndani ya miezi mitatu watoto saba waliripotiwa kwa ofisa maendeleo ya jamii, na wanne kati yao hawakutembelewa, kwa sababu pikipiki ya ofisi ilikuwepo lakini haikuwa na mafuta. Hatukuomba jengo wala semina. Tuliomba lita za mafuta kwa mwezi. Mzee mmoja diwani alivua miwani akauliza: "Yaani mtoto anasubiri petroli?" Mstari wa mafuta ukaingia, mdogo kuliko tulioomba.

Wengi huishia hapo, wakafurahi. Mimi na mwenzangu tulirudi kwa yule diwani baada ya miezi sita, nyumbani kwake, jioni, akiwa anafunga mbuzi. Tulimweleza watoto wangapi wametembelewa tangu mafuta yaanze kutoka, na mwezi upi hayakutoka kabisa. Alimaliza kufunga kamba, akavuta benchi, akamwita mkewe alete chai, kisha akauliza kikao cha Oktoba tunakuja kuomba nini.