Namna ya kikundi cha wanawake na vijana kusimamia msitu wa kijiji mkoani Tabora

Katika vijiji vya Sikonge, Urambo na Kaliua, miombo hukatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, na wanaotangulia kuumia ni mama anayefuata kuni mbali zaidi na kijana anayerithi shamba lililokwisha kuchoka. Hao hao huitwa siku ya kupanda miti, wakapigwa picha, wakarudi nyumbani. Mwongozo huu unahusu kazi ngumu kuliko hiyo: kupata eneo, kulitungia sheria ndogo na kulifanya liwalipe wanaolitunza.

Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Mpelekeeni Mtendaji wa Kijiji ombi la maandishi mapema ili hoja iingie kwenye ajenda, kwa kuwa hoja inayosubiri "mengineyo" hufika wakati watu wameshaanza kuondoka. Ombeni sehemu ya msitu itengwe kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji, kama Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavyoruhusu, na mpendekeze majina ya wanawake na vijana watakaoingia kwenye kamati ya maliasili. Sheria ndogo ikishapita kijijini bado inahitaji idhini ya halmashauri ya wilaya, hivyo mteueni mtu mmoja wa kufuatilia jalada hilo hadi idhini itoke.

Msitu usioingiza kitu hauna watetezi wengi, na kwa Tabora jibu lililo karibu ni asali. Mzinga wa gome lililochunwa mtini huugharimu mti uhai wake, na kwa kuwa hutundikwa juu sana, kazi hii kwa muda mrefu imebaki ya wanaume. Mzinga wa viunzi, yaani sanduku lililopangwa vipande vya mbao juu ambavyo nyuki hujengea sega, huning'inizwa kwa waya kwenye kimo cha kiuno, na mama aliyevaa mavazi ya kujikinga na nyuki anaukagua bila kupanda popote. Kateni viunzi vyenye upana wa milimita 32, kisha pakeni mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa katikati ya upande wa chini, kwa sababu nyuki hujenga sega kwa kuufuata, na mkivuna mnainua kiunzi kimoja bila kubomoa kingine. Pakeni grisi kwenye waya ili siafu wasipite. Manzuki, yaani mahali pa kuwekea mizinga, iwe karibu na maji, mbali na nyumba na mifugo. Vuneni jioni, mchukue masega yaliyozibwa kwa nta tu, na yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki, myaache.

Mvua zikikatika, safisheni njia za kuzuia moto kabla nyasi hazijakauka kabisa.

Kuhusu mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kuwa mafungu hayo yametenganishwa, ni busara wanawake na vijana wasajili vikundi viwili kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, huku wakitumia manzuki moja kwa makubaliano ya maandishi. Binafsi nisingeshauri kukopa kabla nyuki hawajaingia mizingani. Na mkikopa, ombeni ratiba ya marejesho ifuate msimu wa mavuno.