Kupanga printa za steshenari ili mtihani usitoke tena kwenye manila ya kadi

Juzi Jumamosi nilikuwa Uyole, hapa Mbeya, kwa dada mmoja mwenye steshenari, kanipigia asubuhi sauti imepanda, kijana wake kaprinti mtihani wa darasa la nne nakala 40 na zote zimetoka kwenye manila ya kadi za harusi. Kijana anaapa hajagusa kitu, dada anasema "kaka huyu ananifilisi", na nilipokaa kwenye ile kompyuta nikakuta kijana anasema kweli. Jana yake jioni mwenzake wa zamu alitoa kadi, akaiweka printa ivute karatasi kwenye kile kimdomo cha mbele, akaenda zake manila ikiwa bado imo. Kompyuta ikakumbuka, printa ikatii.

Watu wengi hawajui kwamba printa moja unaweza kuiingiza kwenye Windows mara tatu au nne, kila mara kwa jina lake na mipangilio yake. Mashine ileile, kebo ileile, ila kwenye orodha anayeprinti anaona "1 MTIHANI A4", "2 KADI MANILA", "3 RANGI". Anachagua kazi, habahatishi trei. Mi yale mambo ya kumwambia mfanyakazi "kumbuka kubadilisha trei" siyaamini kabisa, saa kumi jioni wanafunzi wamejaa kaunta, WhatsApp inalia, huyu anataka kopi ya cheti yule anataka baindi, nani atakumbuka trei?

Hatua ya 1: zima ujanja wa Windows

Ingia na akaunti ya adimin. Nenda Settings, "Bluetooth & devices", "Printers & scanners", zima "Let Windows manage my default printer". Ikiwa imewaka, printa iliyotumika mwisho ndo inageuka kuwa printa kuu, kwa hiyo mtu akitoa picha moja ya rangi, barua zote zinazofuata zinakunywa wino wa rangi. Hii ni ya kila akaunti, izime kwenye akaunti za wafanyakazi pia.

Hatua ya 2: ongeza printa ileile kwa jina jingine

Kwanza angalia printa yako ya sasa iko kwenye poti gani, yaani mlango ambao kompyuta inaupitia kuifikia printa: fungua "Printer properties", tabo ya "Ports", iliyowekewa tiki ndo yenyewe, mara nyingi USB001. Halafu "Add device", subiri kidogo mpaka itokee sehemu ya kuongeza kwa mkono, chagua "Add a local printer or network printer with manual settings", kisha "Use an existing port" na poti uliyoiona. Draiva, ile programu inayoiendesha printa, chagua ileile, ikiuliza mwambie atumie iliyopo. Andika jina la kazi. Rudia kwa kila kazi.

Ukifungua lile dirisha la zamani la "Devices and Printers" unaweza kukuta kapicha kamoja tu, usishtuke wala usianze upya, raiti-kliki utaona majina yote yamejipanga humo ndani.

Na kebo ya USB usiihamishe tundu. Ukiichomeka tundu jingine Windows inaweza kuiona kama printa mpya, inaleta "Copy 1" kwenye poti nyingine na majina yako yote yanabaki ofulaini. Pale kwa dada nilifunga kebo na soltepu kwa nyuma.

Hatua ya 3: mipangilio, na hapa tulia usome

Hapa ndo palinitesa. Dukani kwangu Mwanjelwa kila mfanyakazi ana akaunti yake. Nikatengeneza majina yangu vizuri, nikaenda "Printing Preferences", kadi nikaweka A5, kimdomo cha mbele, karatasi nene, nikajaribu mara tano ikatoka safi, nikatamba. Kesho yake binti kaingia na akaunti yake, kachagua "KADI MANILA", printa ikavuta A4 ya kawaida kutoka chini. Nikaja, nikaingia kwa akaunti yangu, inafanya kazi. Narudi kwake, haifanyi. Nikafuta draiva, nikarudisha, nikabadilisha kebo, nikaanza kuisingizia printa. Nilianza saa nane mchana, nikaja kushtuka saa tatu usiku Mwanjelwa nzima imeshafunga, na ile baridi ya Julai unaijua.

Kumbe "Printing Preferences" ni ya mtu mmoja, yule aliyeingia kwa wakati huo. Inayowahusu wote iko kwingine: "Printer properties", tabo ya "Advanced", chini kuna kitufe cha "Printing Defaults". Ubaya wake dirisha linalofunguka linafanana na lile la kwanza kama mapacha, unaweza kukaa ndani yake usijue uko kwa nani. Njia uliyopita ndo itakwambia.

Sasa angalia haya. Mfanyakazi ambaye tayari alishaweka "Preferences" zake kwenye jina hilo, zake zinabaki na zinashinda zile za wote. Unaweza kuingia akaunti moja moja ukarekebisha, ila mi nafuta lile jina na kutengeneza jipya lenye herufi tofauti, "KADI MANILA" inakuwa "KADI NGUMU", kwa sababu zile kumbukumbu za mtu zinashikana na jina. Na weka "Defaults" kabla hujamruhusu mtu yeyote kuligusa. Halafu ukija kubadilisha draiva, rudi ukakague, inaweza kuwa imerudi sifuri.

Unachoweka humo ni vitu vitatu: saizi, trei, na aina ya karatasi. Hii ya tatu ndo watu wanairuka. Kwenye printa ya leza, ile inayotumia wino wa unga, ukiacha "Plain" (karatasi ya kawaida) wakati umeweka manila, unga haukai vizuri, sugua na kucha uone unavyobanduka, jina la bwana harusi lote linabaki kidoleni. Ukiweka karatasi nene printa inapunguza mwendo na unga unapata joto la kutosha kushika. Ukisikia inaunguruma polepole ujue imeelewa.

Ila karatasi ya picha inayong'aa ya printa za wino usiiweke kwenye leza hata kama mteja analia. Ule mng'ao unaweza kuyeyuka ukaganda kwenye rola ya moto, na rola hiyo bei yake unaijua.

Printa yenyewe nayo iambie. Kama ina kioo au vitufe, nenda kwenye menyu yake useme trei ya chini ni A4. Kompyuta ikisema A4 na trei inadai ina Letter (saizi ya Marekani, nitaieleza hatua ya 4), printa inasimama inakukodolea macho na taa inawaka waka.

Hatua ya 4: Letter

Kazi nyingi za wanafunzi zinakuja Letter, saizi ya Marekani, milimita 216 kwa 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Mtu hajui, yeye kapakua tu mahali. Kwenye Word badilisha "Layout", "Size", A4, halafu pitia kurasa maana zinahama. Kama ni PDF, kwenye dirisha la kuprinti weka "Fit". Na ukiwa na Adobe Reader hakikisha "Choose paper source by PDF page size" haina tiki, la sivyo faili linajichagulia trei lenyewe na kazi yote ya hatua ya 3 umeitupa.

Chrome nayo ina tabia ya kukumbuka printa uliyotumia mwisho, haijali printa kuu ni ipi. Kwa hiyo kazi za WhatsApp Web mi siprinti humohumo kwenye Chrome, napakua kwanza.

Hatua ya 5: njia ya mkato ninayoipenda

Weka SumatraPDF, programu ya kusoma PDF, ni ya bure na nyepesi, hata kompyuta yenye ramu kidogo inaibeba. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:sendto, folda ikifunguka tengeneza shotikati yenye maneno haya, ukibadilisha njia ya programu kulingana na ilipo kwako:

"C:\Program Files\SumatraPDF\SumatraPDF.exe" -print-to "2 KADI NGUMU"

Jina liwe herufi kwa herufi na lile la printa. Shotikati ipe jina KADI. Baada ya hapo mfanyakazi anaraiti-kliki faili la PDF, "Send to", KADI, basi, inatoka bila hata kufungua. Kwenye Windows 11 itabidi abonyeze kwanza "Show more options". Kwa dada niliweka tatu, yule kijana alishika ndani ya dakika mbili. Inatoa nakala moja tu lakini, mtihani wa nakala 40 bado unafunguliwa kawaida.

Hatua ya 6: kompyuta ya pili

Shea majina yote kutoka kompyuta yenye kebo, na ile kompyuta isizimwe wala isilale. Tangu masasisho ya usalama ya Agosti 2021, kuvuta draiva kutoka kompyuta nyingine kunadai nywila ya adimin, kwa hiyo unganisha mwenyewe, usimwachie kijana.

Foleni ikikwama

Umeme umekatika katikati ya kazi, umerudi, kazi haitoki wala haifutiki. Fungua services.msc, simamisha "Print Spooler" (ndo inayoshika foleni ya kazi za kuprinti), futa vilivyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, vilivyomo tu folda iache, halafu iwashe tena. Waambie wafanyakazi wote kwanza, maana unafuta kazi za kila mtu.

Na kama kila kitu kiko sawa ila karatasi zinakwama mbili mbili, angalia rimu. Kwetu huku mvua zikianza Novemba ukungu unaingia mpaka dukani, rimu iliyoachwa wazi usiku inajikunja kingo. Toa zile za juu, rudisha zilizobaki kwenye ganda lake, funga na soltepu.