Turubai la kambi kwa likizo ya Dar: lisimamishe kabla hujapanda ndege

Kama uko Uingereza na umenunua turubai la kambi lenye nguzo za kurefusha, ukitarajia kivuli cha familia Kigamboni mwezi Desemba, lifungue leo. Usisubiri ufike Dar. Lisimamishe hukohuko, nguzo zote, kamba zote, kisha ishike kila nguzo kwa juu na uikandamize kwa nguvu uone kama inashikilia urefu uliouweka. Nasema hivi kwa sababu nimeumia.

Langu nililinunua mtandaoni mwezi wa nne, bei iliposhuka, likakaa kabatini hadi safari ya Desemba. Tulipolisimamisha ufukweni, nguzo moja ikawa inazama yenyewe. Unairefusha, unazungusha kifungio hadi kiganja kinauma, unaiachia, na muda si mrefu iliyokuwa juu ya kichwa iko kifuani. Ndani ya bomba, kile kiplastiki kinachotanuka ili kushika kilikuwa na ufa. Niliporudi Uingereza nikamwandikia muuzaji. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba muda wa kurudisha umepita, na kwamba nguzo imeharibiwa na mchanga na upepo, mambo yasiyoingia kwenye waranti. Ushahidi wake ulikuwa picha niliyomtumia mimi mwenyewe, nguzo ikiwa imesimama mchangani.

Mtego ndio huo, na utawanasa wengi kwa sababu sisi hununua mapema na kufungua tukifika nyumbani. Kwa bidhaa nyingi zinazonunuliwa mtandaoni Uingereza, una siku 14 tangu mzigo ukufikie kusema umebadili mawazo. Kama kitu ni kibovu, Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kukikataa na kurudishiwa pesa yote. Zikishapita bado unaweza kudai kitengenezwe au kibadilishwe, na ndani ya miezi sita ya kwanza ni kazi ya muuzaji kuthibitisha kwamba ubovu haukuwepo mwanzo. Baada ya hapo mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako. Hesabu mwenyewe: umenunua Aprili, umefungua Desemba. Umebaki na nini? Kwa hiyo fungua, jaribu, piga picha ukiwa kwenye nyasi za kwao, si kwenye mchanga wa kwetu. Narudia: nyasi za kwao.

Tena chagua mahali pa kujaribia. Uwanja wa nyuma ya nyumba ni wako, lakini bustani za umma nyingi zina kanuni zake, na mashamba yana wenyewe. Uskochi, tangu sheria yao ya ardhi ya mwaka 2003, mtu anaruhusiwa kulala porini kwa utaratibu. England kwenyewe, ukiondoa sehemu za nyika ya Dartmoor, unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Mimi naona ni jamii ya ajabu katika hili. Wanapenda nje kuliko watu wowote niliowahi kuishi nao, wanatoka kulala kwenye hema mvua ikinyesha, na bado ardhi yao karibu yote ina uzio. Lakini wana desturi moja ninayotaka tuige: jirani yangu akinunua hema, jioni ileile liko uani kwake limesimama. Hana safari, anajaribu tu.

Mizigo: nguzo na vigingi viende kwenye begi la kupakiwa, usibebe mkononi. Risiti iwe karibu kwa ajili ya forodha. Hayo mengine mnayajua.

Sasa kusimamisha kwenyewe. Tandika turubai chini, funga kamba za pembeni kwanza zikiwa zimelegea, halafu ndipo uinue nguzo. Ncha ya nguzo inapita kwenye tundu lenye pete ya chuma. Usivute bomba kupita alama ya mwisho iliyochorwa, maana hapo ndipo linapopinda.

Jambo ambalo watu wa Dar wanalikosea ni kudhani hili ni sawa na maturubai ya msibani. La msibani linasimama kwenye mabomba ya chuma yaliyoungana, fremu nzima, hata ukifungua kamba linabaki. Hili letu halina fremu. Nguzo inasukuma juu tu. Kinachoizuia isianguke ni kamba. Kila nguzo ya pembeni inataka kamba mbili zinazoachana, kila moja ikivuta upande wake. Nguzo ikiwa na mita mbili, kigingi kiwe kama mita mbili kutoka mguuni pake. Ukikiweka karibu zaidi, kamba itaivuta nguzo kwenda chini kuliko kuishikilia, na kifungio dhaifu kitateleza mapema.

Vigingi vilivyokuja kwenye mfuko viacheni Uingereza. Vimetengenezwa kwa udongo wenye mizizi ya nyasi. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Kunduchi unakisukuma kwa kidole, na upepo unaking'oa hivyohivyo. Tumia viroba vya mchele vilivyokwisha: jaza mchanga, funga mdomo, funga kamba katikati, zika hadi magotini, fukia na ukanyage. Kama hakuna viroba, chukua kipande cha mti chenye urefu wa mkono, kifunge kamba katikati, kilaze kwenye mtaro uliokingama na kamba, fukia, mwagia maji ya bahari, kanyaga. Nimeona mti wa hivyo ukishikilia siku nzima. Mvinje nao unafaa kufungia kamba. Chini ya mnazi msikae, hata kivuli kiwe kizuri vipi.

Upepo ujue kabla ya kuchimba. Desemba ni kaskazi, inatoka kaskazini mashariki. Ukija Agosti watoto wakiwa wamefunga shule, utakuta kusi, na upande unageuka. Ule upande upepo unakotoka ndio uwe chini, karibu na mchanga, na ule wa kukaa watu uwe juu. Hapo ndipo nguzo za kurefusha zinapolipa gharama yake: unafupisha mbili, unarefusha mbili, umemaliza. Usiziache zote nne sawa. Likiwa bapa, upepo unaingia chini na kulibeba, na mvua ya vuli inatuama juu. Dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita tano ni lita 50, yaani mfuko mzima wa saruji unaoning'inia juu ya vichwa vya wazee wenu.

Na ndugu zetu, tuwaeleze kwa upendo lakini tuwaeleze. Shangazi akifika atatafuta pa kutundika mkoba, na nguzo iko pale. Shangazi, hapana. Baba mdogo ataona kamba zimekuwa nyingi, atafungua moja ili watu wapite na sufuria la pilau. Shikamoo baba, irudishe kwanza. Kwa ajili ya watoto, fungeni vitambaa vyeupe kwenye kamba ili wazione wakikimbia. Na wale watakaoona picha kwenye kundi la familia wakaomba uwaachie wakasimamishie shughuli mtaani, wakatalieni mapema. Watu arobaini chini ya turubai la namna hii upepo ukivuma si jambo la kujaribu.

Kurudi nyumbani: chomoa kila kipande cha nguzo, suuza kwa maji ya bomba, anika kila kipande peke yake kivulini. Mchanga ukibaki ndani unakwaruza kifungio, na chumvi inakula chuma. Usipake mafuta wala grisi kwenye vifungio vya kuzungusha, hata fundi akikushauri, kwa sababu vinashika kwa msuguano na mafuta yanauondoa. Turubai lenyewe likauke kabisa kabla ya kukunjwa, la sivyo utalifungua kwenye baridi ya Januari likiwa na ukungu.