Chatu kwenye jiwe la Bismarck: kazi ya efekti huanzia ufukweni

Vijana wanaokuja kwangu hapa Kirumba, Mwanza, kuulizia efekti za filamu, yaani vitu vinavyoongezwa kwenye picha kwa kompyuta, huanza na kompyuta: RAM ngapi, kadi gani ya picha. Mimi huwauliza kama nyumbani kwao kuna upawa wa kung'aa. Kitu ambacho hakikuwepo, ukitaka kionekane kilikuwepo, lazima kiangazwe na mwanga wa mahali pale, na mwanga huo huupati ukiwa mezani. Unaufuata ufukweni, siku hiyohiyo unayopiga picha.

Nitakueleza kwa kazi yangu moja: chatu mkubwa aliyejizungusha kwenye jiwe la Bismarck, lile lililo ndani ya Ziwa Victoria hapa Mwanza. Nilimchagua chatu kwa sababu sisi Wasukuma tumekua tukiwaona wacheza ngoma wakimbeba mabegani, tunajua mwili wake unavyojikunja. Nikaamua asiguse maji. Wewe pia, kazi ya kwanza usiguse maji. Kuyafanya yaruke na kuufuata mwili wa mnyama ni kazi ambayo kampuni ya efekti kama Wētā FX ya Wellington, New Zealand, huwapa wataalamu wasiofanya kingine.

Piga sekunde nne tu. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo hizo ni picha 96, na katika zote chatu lazima aonekane wa kweli. Nenda asubuhi, kabla upepo haujayachafua maji. Kwenye simu funga fokasi, mwangaza na rangi visijibadilishe vyenyewe. Zima kitulizaji cha picha, maana huvuta na kukata kila fremu kwa namna yake, kisha kompyuta inashindwa kujua kamera ilipita wapi. Weka kasi ya shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, na kwa jua letu utahitaji kioo cheusi mbele ya lenzi. Halafu tembea kwa pembeni hatua tatu nne, polepole. Mawe ya karibu yatasogea haraka kuliko Bismarck lililo mbali, na hapo ndipo programu ya kompyuta inapoupata umbali wa kila kitu.

Sasa upawa. Kwenye seti za filamu kubwa, baada ya muongozaji kusema kata, mtu huingia mbele ya kamera na mipira miwili: mmoja wa kijivu, mwingine unaong'aa kama kioo. Mpira wa kijivu unaonyesha jua linatoka wapi, kivuli ni kikali kiasi gani. Ule wa kung'aa unabeba mbingu, maji, majengo, kila kinachorusha mwanga mahali pale. Mimi nilipaka mpira wa miguu rangi ya kijivu isiyong'aa, na badala ya kioo nikatumia mgongo wa upawa wa stenlesi. Vishike mahali penye jua lilelile linalopiga kwenye jiwe, uvipige picha kwa setingi zilezile.

Kisha daftari. Andika saa, jua liko upande gani, lenzi ipi, kamera iko juu kiasi gani kutoka ardhini. Pima kwa tepu ya fundi umbali kati ya mawe mawili yanayoonekana kwenye picha. Bila kipimo kimoja cha kweli, chatu wako anaweza kuwa wa mita tatu au thelathini na kompyuta isijue.

Mezani natumia Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ambayo ni ya bure na inatosha: filamu ya katuni Flow, iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwayo. Weka alama za kufuatilia, nukta ambazo programu huzifuata fremu hadi fremu ili ijue kamera ilivyosogea, kwenye nyufa na madoa ya mawe. Usiweke kwenye maji, mitumbwi wala ndege. Programu itakupa namba ya kosa, yaani imekosea kiasi gani kukadiria mwendo wa kamera, na ikizidi pikseli 1, ondoa alama mbovu urudie. Chonga umbo la jiwe kwa makadirio tu, lisiloonekana kwenye picha ya mwisho, ili kivuli cha chatu kipate pa kuangukia na mwili wake ufichike unapopita nyuma.

Mwanga unaotoka chini, kwenye maji, ndio ulionishinda mara ya kwanza. Nilikuwa na jua sawa, kivuli sawa, lakini mama yangu mdogo, anayeuza dagaa soko la Mwaloni, aliitazama video mara moja akasema, "Mwanangu, tumbo la huyu nyoka mbona giza? Hapo maji huwaka." Nikarudi kwenye picha ya upawa. Kweli, nusu yake ya chini ilikuwa nyeupe kwa mng'ao wa ziwa. Nikaweka taa pana chini ya chatu, yenye mwanga unaochezacheza taratibu, na kwa mara ya kwanza akakaa juu ya jiwe. Linganisha pia weusi: pale ziwani kuna ukungu mwepesi, kwa hiyo sehemu nyeusi kabisa ya chatu isizidi giza la nyufa za jiwe lenyewe.

Unaporenda, yaani kompyuta inapochora picha za mwisho, usitoe video moja. Toa fremu mojamoja za EXR, aina ya faili iliyobuniwa na Industrial Light & Magic, kampuni ya efekti aliyoianzisha George Lucas, mtengenezaji wa Star Wars, mwaka 1975. Waliitoa bure kwa wote mwaka 2003. Inahifadhi mwanga mwingi kuliko picha ya kawaida, na umeme ukikatika kwenye fremu ya 61, ukirudi unaanzia hapohapo.

Mwishoni ongeza juu ya chatu chengachenga zilezile za kamera, zile punje ndogondogo zinazoonekana kwenye video yako. Kisha mwonyeshe mtu anayelijua ziwa, usimwambie kitu chochote, uangalie macho yake yanasimama wapi. Hapo ndipo pa kurudi kurekebisha.